Kabla ya kukanyaga mafuta, punguza upepo

Kwenye makorongo ya mchanga ya kaskazini mwa Kenya, na kwenye njia za majivu ya volkano kuelekea Ziwa Natron, gari likikwama mambo huenda vilevile karibu kila mara. Dereva anaingiza fo-wili na kukanyaga mafuta. Injini inanguruma, magurudumu yanazunguka palepale, mchanga unaruka hadi kwenye vioo. Abiria wanashuka, huyu anatafuta mawe, yule anakata matawi, mwingine anapanda kichuguu kutafuta mtandao ili aombe gari la kuwavuta. Baada ya nusu saa matairi yamejichimbia mashimo, difu imelala juu ya mchanga, na gari haliendi mbele wala nyuma. Muda wote huo hakuna hata mmoja aliyechuchumaa kando ya gurudumu akafungua kifuniko cha valvu.

Madereva wetu wa safari si wavivu wala si wajinga. Wengi wao wanaweza kukuambia kwa sauti tu kwamba beringi ya gurudumu la nyuma kushoto imeanza kuchoka. Lakini upepo wa tairi umebaki kuwa kitu cha kutazamwa asubuhi ya safari, pale kituo cha mafuta, na ukishajazwa shughuli imekwisha hadi pancha itakapotokea. Huo ndio mtazamo ninaotaka tuuache. Upepo ni kifaa cha kazi ambacho dereva anapaswa kukirekebisha njiani kama anavyobadilisha gia: ukitoka kwenye lami unapunguza, ukirudi kwenye lami unajaza. Sehemu ya kwanza inakuokoa na beleshi. Sehemu ya pili inaokoa maisha ya watu, na nitaifikia.

Tuanze na hesabu. Chukua Land Cruiser ya watalii yenye paa la kuinuka, imebeba abiria, mafuta, maji na mizigo, jumla tani 3. Ukigawa sawasawa, kila gurudumu linabeba kilo 750. Tairi likiwa na upepo wa psi 40, hesabu ya darasani inatoa eneo la sentimita za mraba 267 hivi linalogusa ardhi. Matairi yote manne kwa pamoja hayafikishi eneo la karatasi mbili za A4. Gari zima, pamoja na familia iliyomo ndani na jokofu la vinywaji, limesimama juu ya hapo. Kwenye lami hakuna shida, lami inabeba. Mchanga mkavu haubebi. Chembe zake zinasogea na gurudumu linashuka.

Sasa punguza upepo hadi psi 20. Uzito haujabadilika, presha imekuwa nusu, kwa hiyo eneo linaloubeba uzito huo linaongezeka karibu maradufu. Nasema karibu kwa sababu ubavu wa tairi una ugumu wake na hubeba sehemu ya mzigo bila msaada wa upepo, na tairi la kanvasi nene halilegei sawa na tairi jepesi. Lakini tofauti ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Na hapa watu wengi hukosea: hudhani faida inatokana na tairi kutanuka kwa upana. Lala kifudifudi utazame tairi la psi 18. Upana umeongezeka kidogo tu. Kilichoongezeka sana ni urefu wa ile sehemu iliyolala chini. Urefu huo ndio unaofanya kazi. Meno mengi zaidi ya tairi yanashika mchanga kwa wakati mmoja, na uso wa mbele wa tairi unaupanda mchanga badala ya kuukata.

Gurudumu linalozama lina tatizo jingine ambalo dereva hulihisi kwenye mguu wake wa kulia. Linasukuma mbele yake tuta dogo la mchanga lisilokwisha, na nguvu ya injini inaishia kulipanda tuta hilo mita baada ya mita. Ndiyo maana gari lenye upepo wa lami linakunywa mafuta ovyo kwenye mchanga, linapandisha joto, na klachi inanuka. Tairi lililopunguzwa upepo linabaki juu, tuta linakuwa dogo, na injini ileile iliyokuwa ikilia inatulia kwenye gia ya tatu. Dereva hakuongeza hata farasi mmoja wa nguvu. Ametoa hewa tu.

Aliyeyafanya maarifa haya yawe ya kuandikwa na kufundishwa ni Ralph Bagnold, ofisa wa kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza aliyepelekwa Misri katika miaka ya 1920. Wakati wa likizo, yeye na wenzake walichukua magari ya kawaida ya Ford, kwanza Model T na baadaye Model A, wakayavua kila kisichohitajika, wakaelekea magharibi mwa Mto Nile kwenye Jangwa la Libya. Wakati huo iliaminika kwamba Bahari Kuu ya Mchanga haipitiki kwa gari. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 Ford hizo, zisizo na fo-wili, zilikuwa zimeivuka. Zilibebwa na matairi mapana yenye upepo mdogo, vipande vya chuma vya kutandika chini ya magurudumu, dira ya jua aliyoitengeneza Bagnold mwenyewe, na mazoea ya kuutazama mchanga kabla ya kuukanyaga.

Bagnold hakuishia kwenye matembezi. Alirudi Uingereza akajenga bomba la kupulizia upepo juu ya mchanga, akapima chembe zinavyoruka na kutua, na mwaka 1941 akachapisha The Physics of Blown Sand and Desert Dunes, kitabu ambacho wanasayansi bado wanakitumia. Matuta ambayo chombo cha Curiosity cha NASA kiliyachunguza kwenye sayari ya Mirihi yamepewa jina lake. Kwa dereva, somo kubwa katika kazi yake ni moja: mchanga wa tuta lilelile si wa aina moja. Upande unaopigwa na upepo, chembe zimepigwapigwa zikashikamana, na pale gari hupita. Upande wa pili, ambako mchanga humwagika kwa uzito wake wenyewe, chembe zimekaa ovyo na gari huzama hadi mlangoni. Mwaka 1940, vita vilipofika Afrika Kaskazini, jeshi la Uingereza lilimpa ruhusa ya kuunda kikosi cha kupenya jangwani, Long Range Desert Group, na ujuzi wa likizo zake ukawa ujuzi wa vita. Malori ya Chevrolet ya kikosi hicho yalizunguka nyuma ya mistari ya Waitaliano mahali ambapo Waitaliano hawakutarajia gari lolote.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyoleta hatua iliyofuata. Wamarekani walitengeneza DUKW, lori la magurudumu sita linaloogelea, kwa ajili ya kushusha mizigo kutoka melini hadi ufukweni. Lilikuwa gari la kwanza ambalo dereva aliweza kubadili upepo wa matairi akiwa amekaa kwenye kiti chake huku gari likitembea: kidogo kwa mchanga wa pwani, mwingi kwa barabara ngumu. Leo mfumo wa namna hiyo umo kwenye malori mengi ya kijeshi na kwenye malori ya mashindano ya Dakar. Na kule Iceland, watu wanaovuka barafu kwa magari yenye matairi makubwa kupindukia hushusha upepo hadi psi 3 au 4, kiwango ambacho kwetu fundi angesema tairi limekwisha.

Lakini mahali ninapopenda zaidi kupatolea mfano ni Oman, katika eneo la Sharqiya, kwa sababu pale jambo hili limekuwa la kila siku na kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili wana ndugu huko. Mchanga wa Wahiba, ambao siku hizi huitwa Mchanga wa Sharqiya, umetanda eneo la kilomita za mraba zipatazo 12,500. Matuta yake ya kaskazini yamejipanga kutoka kaskazini kwenda kusini, mengine yakifika urefu wa mita 100, na kati yake kuna mabonde marefu yanayofuatwa na magari na ngamia. Wanasayansi waliolichunguza eneo hilo kati ya mwaka 1985 na 1987, chini ya Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya Uingereza, walieleza kwamba matuta hayo yalijengwa na pepo za msimu kutoka kusini-magharibi. Ni mfumo uleule wa upepo ambao sisi wa Pwani tunauita kusi, uliokuwa ukiyarudisha majahazi kutoka Unguja na Mombasa kwenda Sur na Muscat.

Miji iliyo kando ya mchanga huo, Bidiya, Ibra na vijiji vya jirani, ndiko walikotoka wengi wa Waarabu waliohamia Zanzibar na bara, wakiwemo akina Harthi ambao majina yao yamejaa katika historia ya Unguja. Wengi wa vizazi vyao walirudi Oman baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Hadi leo, pale Ibra, si ajabu kumsikia mzee akiagiza kahawa kwa Kiarabu kisha akamgeukia mwenzake na kuendelea na habari kwa Kiswahili.

Barabara ya lami inapoukaribia mchanga, maduka ya matairi yamejipanga kando yake. Magari ya wageni na wenyeji husimama pale. Kijana anachuchumaa na geji, hewa inatoka kwa mluzi, gurudumu moja baada ya jingine, hadi psi 15 au 18. Kesho yake gari likirudi, linasimama tena duka lilelile, linajazwa, linaingia lami. Hakuna anayeona ajabu. Anayekataa kusimama hukutwa baadaye amekwama kwenye mteremko wa kwanza. Mabedui wa eneo hilo wanaendesha pikapu za kawaida kabisa za Toyota mahali ambapo gari la bei kubwa lenye kila kitufe linashindwa, na ukitazama matairi yao utaona yamelala. Ngamia amepewa unyayo mpana na laini kwa ajili ya mchanga huohuo ambao punda, kwa kwato zake ndogo, huuchimba. Wenye pikapu wameliona hilo tangu utotoni, hawahitaji kuelezwa.

Najiuliza kwa nini huduma kama ile haipo kwetu, pale Mto wa Mbu. Magari mengi yanayokwenda Engaruka, Engaresero na Ziwa Natron yanapita pale. Mafundi pancha wapo, kompresa zipo, na barabara iliyo mbele ina makorongo ya mchanga na udongo wa majivu kutoka Ol Doinyo Lengai, mlima ambao ulilipuka kwa nguvu mara ya mwisho mwaka 2007 na 2008. Vivyo hivyo Marsabit, kabla ya kushuka kwenda jangwa la Chalbi. Kibao kimoja tu, "Tunapunguza na kujaza upepo", kingewapa vijana kazi na kuwaokoa wasafiri. Kinachokosekana ni mazoea.

Hata hivyo nchi zetu si Oman, na ardhi zetu zinabadilika mara nyingi ndani ya safari moja. Mtu akikwambia kuna namba moja ya upepo kwa kila mahali nje ya lami, usimsikilize.

Tuchukue barabara ya changarawe kwanza, kwa sababu ndiyo ndefu kuliko zote. Kutoka lango la Lodoare, Ngorongoro, hadi lango la Naabi la Serengeti, barabara imejaa yale mawimbi madogo magumu yanayoyatetemesha magari mpaka boliti za kerio zinalegea. Hapo hakuna mchanga wa kuzama, lakini kupunguza upepo kiasi, tuseme kutoka psi 36 hadi 28 kwa gari lisilobeba sana, kunalifanya tairi lenyewe limeze sehemu ya mitetemo kabla haijafika kwenye shokapu na kwenye migongo ya abiria. Tairi pia linakuwa na mshiko zaidi kwenye kona, na mawe madogo yenye ncha yanabonyea ndani ya mpira badala ya kuuchoma. Faida haiishii kwa mwenye gari. Katika miaka ya 1980 Idara ya Misitu ya Marekani ilijaribu malori ya magogo yenye upepo uliopunguzwa kwenye barabara zake za vumbi, na ikaona barabara zinaharibika polepole zaidi na mawimbi yanapungua. Mawimbi hayo tunayatengeneza wenyewe kwa matairi magumu na mwendo wa kasi, kisha tunailaumu greda kwamba haikupita.

Udongo mweusi wa mbuga ni habari nyingine kabisa. Huu unaupata Magharibi ya Serengeti kuelekea Grumeti, Maasai Mara, tambarare za Athi, na sehemu kubwa ya Usukumani. Ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi. Mvua ya saa moja inaugeuza ulimbo. Unajaza meno yote ya tairi hadi tairi linakuwa duara laini, na hapo upana hausaidii sana. Tope likiwa juu juu na chini kuna ardhi ngumu, tairi jembamba lenye upepo wa kutosha linaweza kupenya na kushika chini. Ukilitandaza litaelea juu ya utelezi. Tope likiwa refu lisilo na mwisho, kupunguza hadi psi 20 au 22 kunaweza kukupitisha. Ndiyo maana dereva mzoefu hushuka, akachoma fimbo kwenye tope, akaona imeingia kiasi gani, kisha akaamua. Na mara nyingi uamuzi sahihi kwenye mbuga iliyolowa ni kukaa, kunywa chai na kusubiri jua la saa nane. Sioni aibu yoyote kuuandika ushauri huo.

Chalbi nayo inadanganya macho. Ni kitako cha ziwa lililokauka kati ya Marsabit na Ziwa Turkana, tambarare nyeupe ya chumvi ambayo wakati wa kiangazi ni ngumu kiasi kwamba gari linakimbia bila kutetemeka. Chini ya ganda hilo la chumvi, mahali ambapo unyevu umebaki, kuna matope. Ganda likikatika gari linatumbukia, na hakuna upepo wa tairi utakaokusaidia ukishafika hapo. Fuata njia zilizokwisha kukanyagwa na uliza Kalacha au North Horr kabla ya kukata katikati. Ukitoka kwenye ganda ukaingia kwenye mchanga wa kingo zake, hapo psi 18 ina kazi. Na ukipita Dida Galgalu, uwanda wa mawe meusi ya volkano, hesabu inageuka tena: presha ya wastani inalifanya tairi lijikunje juu ya jiwe, lakini ukishusha sana ubavu wa tairi unatokeza nje ya meno yake, na ubavu ndio sehemu nyembamba ambayo jiwe la Dida Galgalu linaipasua kama haikuwepo.

Kuhusu namna ya kufanya, jambo la kwanza ni kupima tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya kuondoka. Tairi likipata moto hewa iliyomo hutanuka. Kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi zinaongeza takribani psi 1. Ukipima saa saba mchana baada ya mwendo mrefu utaona namba kubwa, utaipunguza, na kesho alfajiri utakuta upepo uko chini kuliko ulivyokusudia. Anza na namba iliyobandikwa na mtengenezaji kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ukikumbuka kwamba ya nyuma huwa kubwa gari likibeba. Kisha fungua kifuniko, bonyeza ile pini ya katikati kwa ncha ya msumari au kwa kijiti kigumu, hesabu sekunde, pima, rudia. Tairi la kwanza litakuonyesha ni sekunde ngapi kwa psi 5. Yaliyobaki yataenda haraka. Usikisie kwa jicho wala kwa teke. Utingo wa lori hugonga matairi kwa spana akasikiliza mlio, na kwa kutambua tairi lililokwisha kabisa kati ya mawili ya nyuma njia hiyo inafaa, lakini haiwezi kutenganisha psi 18 na psi 26. Geji ya mkono inaweza, na ni kitu cha kutoshea mfukoni.

Kwa gari la kawaida la fo-wili lenye matairi yasiyo na tyubu, mchanga laini unataka psi 15 hadi 18. Ukikwama, shuka hadi 12 kwa muda mfupi wa kujitoa. Chini ya hapo ukingo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu, hasa ukikata kona ghafla au ukizungusha magurudumu kwa hasira. Wenye Land Cruiser za zamani zenye tairi za 7.50 na tyubu ndani wawe waangalifu zaidi: upepo ukiwa mdogo sana tairi huteleza juu ya rimu, likaivuta tyubu na kung'oa shina la valvu, na hapo umepata pancha isiyozibika kwa gundi. Waishie 20 au 22, na wabebe tyubu za akiba.

Mwendo unabadilika pia. Kwenye mchanga, ukitaka kusimama acha gari lijisimamie lenyewe bila breki, kwa sababu breki hujenga tuta mbele ya kila gurudumu. Simama ukiwa umeelekea mteremko. Kata kona pana. Na gari likianza kuzama, toa mguu kwenye mafuta mara moja. Mzunguko mmoja wa hasira huchimba kuliko beleshi. Ondoa mchanga ulio mbele na nyuma ya matairi, punguza upepo tena, abiria washuke, kisha rudi taratibu kwa njia uliyojia. Mara nyingi gari linatoka bila kamba.

Sasa ile sehemu ya pili. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja ubavu kila linapozunguka, na kujikunja huko kunazalisha joto. Kwa mwendo wa kilomita 20 au 30 kwa saa joto hilo linapotea hewani. Kwa kilomita 100 halipotei. Linakusanyika mahali ambapo mpira umeungana na nyaya za chuma, gundi inalegea, na uso wa tairi unabanduka gari likiwa kwenye kasi. Mwaka 2000 Wamarekani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya nyuso zake kubanduka barabarani na magari kupinduka. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilihusisha vifo 271 na tatizo hilo. Kulikuwa na kasoro za matairi yenyewe na mabishano makali juu ya muundo wa gari, lakini suala la upepo lilikuwa katikati ya kesi: Ford ilikuwa imependekeza psi 26, ndogo kuliko ile ya 30 ambayo Firestone iliitaka, na upepo mdogo pamoja na mzigo na joto viliongeza hatari. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka uleule, na kutokana nayo magari mapya huko yakalazimika kuwa na taa ya kuonya upepo unapopungua. Taa hiyo ya rangi ya njano ndiyo inayowaka leo kwenye dashibodi ya magari mengi tunayoagiza kutoka nje, na wengi wetu tumezoea kuipuuza.

Fikiria basi dereva aliyepunguza hadi psi 18 kuvuka korongo, akatoka salama, akafika kwenye lami jioni, amechelewa, abiria wana ndege ya kuwahi Kilimanjaro. Kompresa hana. Anajiambia atajaza mbele. Kilomita 40 mbele, akiwa kwenye kasi ya 110, tairi la nyuma linapasuka. Mtu ambaye hana uwezo wa kurudisha upepo asiutoe, isipokuwa pale ambapo kubaki alipo ni hatari zaidi, na hata hapo aendeshe polepole, chini ya kilomita 40 kwa saa, hadi kwa fundi pancha wa kwanza.

Kuna kipimo kizuri cha kujikagua. Pima tairi likiwa baridi, endesha kwa saa moja, pima tena. Kwa gari jepesi la fo-wili upepo ukiwa umeongezeka kwa kama psi 4, uko sawa. Ukiongezeka zaidi ya hapo, tairi linapata joto kupita kiasi: ama upepo ni mdogo kwa mwendo na mzigo ule, ama mwendo ni mkubwa kwa upepo ule. Rekebisha kimojawapo.

Wanaouziwa naitrojeni kwenye vituo vya mijini huniuliza kama itaharibika wakiitoa na kujaza hewa ya kawaida. Haiharibiki kitu. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78 tayari.

Kilichobaki ni vifaa, na hapa neno langu ni kwa wenye magari zaidi kuliko kwa madereva. Kampuni za utalii, miradi ya maji na ya chanjo, halmashauri zinazopeleka magari ya wagonjwa vijijini: fungueni buti la gari lolote mnalolituma nje ya lami. Mtakuta jeki, tairi la akiba, pengine kamba. Wekeni humo geji ya mkono na kompresa ndogo ya volti 12 inayofungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa sababu zile za tundu la sigara nyingi zinaunguza fyuzi kabla ya kujaza tairi moja la Land Cruiser. Gharama yake haifiki bei ya tairi moja jipya. Mfundisheni dereva kuitumia, na ratiba ya safari iwe na nusu saa ya kujaza matairi yote manne kabla ya kurudi barabara kuu. Akipiga simu kusema amesimama anajaza upepo, mwambieni amalize.